Simu tisa za kazi: je, tuhame kutoka Android kwenda iPhone?

Mwenye Ghala

Ndugu zangu, naomba ushauri wa watu waliokwisha kupita njia hii, kwa sababu nimeuahirisha uamuzi huu kwa zaidi ya mwaka na sasa kazi yenyewe inanidai jibu.

Nina biashara ya kusambaza vifaa vya usafi kwa ofisi, hoteli na shule. Tuko tisa, na kila mmoja wetu ana simu ya kazi iliyonunuliwa na biashara. Simu zote ni za Android, ila zilinunuliwa kwa nyakati tofauti na zinatoka kwa watengenezaji wanne. Madereva wanne hupokea oda kupitia programu inayounganisha maagizo na hesabu ya stoo, hupeleka mzigo kwa mteja, kisha humchapia risiti papo hapo kwa printa ndogo ya Bluetooth wanayoivaa kiunoni. Wauzaji wawili huongea na wateja kwa WhatsApp Business, ambamo tumejenga katalogi ya bidhaa na lebo za wateja kwa muda wa miaka mitatu. Mhasibu huthibitisha malipo kwa simu yake, na ndiye anayepokea misimbo ya kuingilia katika akaunti zetu karibu zote. Waliobaki ni mimi na mtunza stoo.

Yaliyonisukuma kuuliza ni matatu. Kwanza, simu kadhaa hazipokei tena masasisho ya usalama, na benki yetu imetuarifu kwamba programu yake itaacha kufanya kazi katika matoleo ya zamani ya mfumo. Pili, baadhi ya madereva hupata taarifa ya oda ikiwa imechelewa nusu saa au zaidi, ilhali wenzao walioketi nao chumba kimoja wameipata papo hapo. Tatu, muuzaji mmoja alipoacha kazi alirudisha simu akiwa ameifuta, na ilipowashwa ikadai akaunti yake binafsi ya Google. Simu ikawa haitumiki, na majina ya wateja aliyokuwa akiyahifadhi katika akaunti hiyo yakaondoka naye.

Mhasibu wangu anaamini kwamba dawa ni kuhamia iPhone sote kwa pamoja, kwa hoja kwamba zinadumu na zina usalama. Mimi sina upendeleo wa chapa yoyote. Ninachoogopa ni kutumia akiba ya mwaka mzima kununua simu mpya, halafu nikakuta matatizo yale yale yamehama pamoja nasi, au nikakuta kwamba jambo fulani dogo linalotuendeshea kazi leo halipo huko tuendako. Je, nihamishe wote, nihamishe baadhi, au nibaki nilipo?

Fundi wa Mifumo

Kaka Mwenye Ghala, kazi yangu ni kusimamia simu na kompyuta za watu wengine, kwa hiyo nitayachukua matatizo yako moja moja, maana nionavyo mimi mawili kati ya hayo hayakuletwa na Android wala hayataponywa na iPhone.

Nianze na muuzaji aliyeondoka. Kufuli uliyoikuta imo katika Android tangu toleo la 5.1 la mwaka 2015, na iliwekwa makusudi ili simu iliyoibwa isimfae mwizi. iPhone ina kufuli ya namna hiyo tangu toleo la 7 la mfumo wake wa iOS, la mwaka 2013, nayo haina huruma: simu iliyofungwa kwa akaunti ya mtu haifunguki bila nywila ya mtu huyo, hata ukiifuta mara kumi. Laiti muuzaji wako angekuwa na iPhone aliyoisajili kwa akaunti yake binafsi, leo ungekuwa umekalia simu ya gharama kubwa zaidi isiyokusaidia kitu. Kilichokosekana ni akaunti inayomilikiwa na biashara. Kwa Android upo utaratibu wa Android Enterprise, ambao tangu toleo la 5.0 unaweza kutenga sehemu ya kazi ndani ya simu, yenye programu zake na majina yake ya wateja, na mwajiri akaifuta sehemu hiyo peke yake bila kugusa wala kuona picha za mtumishi; au simu nzima ikasajiliwa tangu mwanzo kuwa ni mali ya kampuni. Kwa Apple upo Apple Business Manager, ambao huiingiza simu chini ya usimamizi wa kampuni mara tu inapowashwa kwa mara ya kwanza, endapo imenunuliwa kwa muuzaji aliyeunganishwa na utaratibu huo, na kampuni inabaki na uwezo wa kuiondolea kufuli. Njia zote mbili zinahitaji mtu mmoja katika biashara yako anayejua kwamba hiyo ni kazi yake, na bila mtu huyo hakuna simu itakayokuokoa.

Kuhusu oda zinazochelewa, nina karibu hakika kwamba unapambana na ubahili wa betri. Tangu Android 6.0, pia ya mwaka 2015, mfumo huzilaza programu zisizotumika ili kulinda chaji, na watengenezaji wengi wameongeza juu yake masharti yao wenyewe, kila mmoja kwa kipimo chake. Ndiyo sababu madereva wawili wakiketi pamoja hupata oda kwa nyakati tofauti. Fungua mipangilio ya betri, itafute programu ya oda, na uiruhusu kutumia betri bila kizuizi. Katika baadhi ya simu kuna orodha ya pili ya programu zinazoruhusiwa kujiwasha zenyewe, na hiyo nayo lazima uiguse. Fanya hivyo kwa simu mbili tu, uziangalie kwa wiki moja, ndipo useme kama tatizo lipo bado.

Linalobaki ni masasisho, na hilo ni tatizo la kweli. Hata hivyo swali lake si Android au iPhone, bali ni simu ipi ya Android. Google iliahidi miaka 7 ya masasisho kwa Pixel 8 ilipotoka Oktoba 2023, na Samsung ikaahidi miaka 7 kwa Galaxy S24 mnamo Januari 2024. Simu za bei ya chini kwa kawaida huahidiwa miaka michache kuliko hiyo, na nyingine haziahidiwi chochote. Kwa upande wa Apple, iPhone 5s iliyotoka mwaka 2013 ilipata sasisho la usalama hata Januari 2023, jambo ambalo simu za Android za rika lake hazikulikaribia, kwa hiyo mhasibu wako hasemi uongo. Kabla ya yote, ingia katika mipangilio ya kila simu, sehemu ya maelezo kuhusu simu, uandike tarehe ya sasisho la usalama la mwisho. Orodha hiyo ya tarehe tisa itakueleza ni simu ngapi zinahitaji kubadilishwa, na huenda si tisa.

Sasa nije kwenye printa, na hapa nakuomba usiende haraka. Printa nyingi ndogo za risiti huongea kwa njia ya zamani ya Bluetooth, inayojifanya kana kwamba kuna waya kati ya printa na simu. Android inaziruhusu programu kutumia njia hiyo na printa yoyote. iPhone inairuhusu kwa vifaa vilivyopewa kibali na Apple katika mpango wake wa MFi peke yake. Printa isiyo na kibali hicho itafanya kazi ikiwa tu inajua Bluetooth ya nguvu ndogo, au inaunganishwa kwa Wi-Fi, na programu yako iwe imeandikwa kuitumikia hivyo. Unaweza kununua simu nne mpya za madereva, zikaiona printa au zisiione kabisa, na dereva akabaki mlangoni kwa mteja bila risiti. Azima iPhone moja, weka programu yako ya oda, jaribu kuchapa. Jaribio hilo halichukui hata saa moja, na huenda likajibu nusu ya swali lako.

Dada wa Hesabu

Mimi nimehama, kaka, kwa hiyo nitaeleza njia ilivyokuwa. Ofisi yetu ya uhasibu ilihamisha simu sita kutoka Android kwenda iPhone, na sijutii, lakini nilipanga siku mbili na ikatuchukua karibu wiki tatu.

Kilichotula muda si picha wala majina ya wateja. Majina yaliyokuwa katika akaunti ya Google yalijitokeza kwenye iPhone mara tu tulipoiongeza akaunti hiyo, na yaliyokuwa yamebaki katika kumbukumbu ya simu au kwenye laini tuliyatoa kwa faili moja. Kilichotutesa ni misimbo ya kuingilia. Ziko programu za misimbo ambazo nakala yake rudufu iliyotengenezwa kwenye Android haisomeki kwenye iPhone, na sisi tulikuwa tukitumia mojawapo bila kujua. Tuliifuta simu ya zamani tukidhani kila kitu kimehama, kisha tukajikuta nje ya akaunti nne. Tatu zilifunguka siku hiyo hiyo kwa misimbo ya akiba niliyokuwa nimeichapisha kwenye karatasi. Ya nne ilitaka uthibitisho wa umiliki wa kampuni na ikakaa siku tisa, wakati wa kufunga hesabu za mwezi. Sikuwahi kulala vizuri siku hizo. Google Authenticator inaweza kuhifadhi misimbo katika akaunti ya Google tangu Aprili 2023, na hilo linarahisisha, lakini mimi hata sasa nasisitiza: simu ya zamani isifutwe mpaka kila akaunti imefunguliwa kwa simu mpya, mtu akiwa na orodha mkononi na kalamu.

La pili ni WhatsApp. Nakala rudufu ya Android hukaa katika akaunti ya Google na ya iPhone hukaa iCloud, hifadhi ya mtandaoni ya Apple, na hazisomani. Tangu mwaka 2022 ipo njia rasmi ya kuhamisha mazungumzo kutoka Android kwenda iPhone kwa kutumia programu ya Move to iOS, lakini ina masharti yake: iPhone iwe mpya au irudishwe katika hali ya kiwandani, namba iwe ile ile, simu zote mbili ziwe kwenye umeme, na historia ya simu zilizopigwa haihami. Mwenzetu mmoja alikuwa na haraka, akaiwasha iPhone yake, akaisajili WhatsApp na kuanza kujibu wateja. Alipotaka mazungumzo ya zamani ikabidi aifute simu nzima na kuanza upya. Wewe una lebo na katalogi za miaka mitatu, kwa hiyo usiamini neno la mtu yeyote, hata langu, mpaka umejaribu kwa namba isiyo ya maana na kuona kwa macho yako kipi kimefika na kipi hakikufika.

Kuna na usajili wa kulipia. Programu uliyoinunua Google Play haikufuati App Store, na usajili unaolipiwa kupitia Google Play huendelea kukata pesa hata ukiiondoa programu kwenye simu, mpaka uusitishe wewe mwenyewe. Sisi tulilipa mara mbili kwa miezi miwili kabla sijaliona kwenye taarifa ya benki, na mimi ndiye mhasibu.

Jambo dogo la mwisho kwa madereva wako, ikiwa hupiga picha hati za kupokelea mzigo: tangu iOS 11 ya mwaka 2017 iPhone huhifadhi picha kwa muundo wa HEIC, ambao mifumo mingine ya ofisi huukataa. Upo mpangilio katika kamera wa kurudisha muundo wa JPEG unaokubalika kila mahali, ila lazima mtu aubadilishe katika kila simu.

Mzee Mkongwe

Vijana wangu wamesema ya simu, mimi niseme ya mfumo wenyewe, kwa kuwa nimeiona mifumo mitatu ikizimika nikiwa bado naitumia kikazi. Nilikuwapo wakati wa BlackBerry, ambayo kwa miaka mingi watu wa biashara waliamini kwamba hakuna simu nyingine ya kazi. Tarehe 4 Januari 2022 huduma zake za mifumo ya zamani zilizimwa. Nilikuwapo pia Nokia ilipoiacha Symbian, mfumo wa simu zake, na kwenda Windows Phone ya Microsoft mwaka 2011, na Microsoft ilipoinunua biashara hiyo ya simu mwaka 2014. Januari 2020 masasisho ya Windows 10 Mobile, mrithi wa Windows Phone, yakahitimishwa. Na mfumo si lazima ufe ndipo uathirike: vikwazo vya Marekani vya Mei 2019 vilifanya simu mpya za Huawei, kuanzia Mate 30 ya mwaka huo, zitoke bila huduma za Google, na aliyekuwa akitegemea programu zinazozihitaji akalazimika kutafuta njia nyingine.

Sisemi kwamba Android au iOS itazimika kesho. Ninachokuomba, mwanangu, ni kuuliza swali moja juu ya kila kitu unachokitegemea: je, nikitaka kuondoka nacho, kinatoka kwa umbo gani? Nilikuwa na programu ya kumbukumbu za wateja, yenye maelezo ya miaka sita, na siku nilipotaka kuhama nikagundua kwamba inachoweza kunipa ni picha za kurasa tu. Nilikaa na mke wangu na binti yangu tukayaandika upya majina mia nne na zaidi, usiku kwa usiku. Tangu siku hiyo siweki jina la mteja mahali ambapo siwezi kulitoa kama lahajedwali. Hesabu yako ya stoo, majina yako, katalogi yako, hebu jaribu kuvitoa leo kabla hujaamua lolote, na kile kitakachokataa kutoka ndicho kinachokushikilia, si simu.

Mpenda Utulivu

Naona mazungumzo yanaelekea kumwambia ndugu yetu abaki, nami napenda hoja ya mhasibu wake isikilizwe kwa haki, kwa kuwa ana jambo.

Gharama ambayo haijatajwa ni ya utofauti. Simu za watengenezaji wanne maana yake ni menyu za aina nne, na mipangilio ya betri iliyojificha mahali pane. Fundi mwenyewe amekiri kwamba katika baadhi ya simu kuna orodha ya pili ya kugusa; nani ataikumbuka dereva mpya akipewa simu? Kwa iPhone, sasisho likitoka hupatikana kwa simu zote zinazolikubali kwa wakati mmoja, bila kusubiri kila mtengenezaji alipike kwa muda wake. Maelekezo nikimwandikia mtu mmoja yanamfaa mwingine. Simu ikitumika miaka minne au mitano, kwa kawaida bado ina bei ya kuuzwa. Na ule usumbufu wa kuwa na waya wa pekee umekwisha, kwa kuwa tangu iPhone 15 ya mwaka 2023 chaja ni ile ile ya USB-C inayotumiwa na simu nyingi nyingine.

Mimi naendesha biashara ya watu kumi na wawili na sina fundi. Nilichonunua kwa iPhone ni kule kutoulizwa maswali, na kwangu hilo lina thamani kubwa.

Fundi wa Mifumo

Hoja yako ni nzito, ndugu yangu, na sitaibishia ila kwa jambo moja. Utulivu unaousema unatokana na kuwa na simu za aina moja zilizosajiliwa kwa namna moja. Biashara inayonunua simu tisa za Android za toleo moja, lenye ahadi ndefu ya masasisho, na kuziweka zote chini ya usimamizi mmoja, inaupata utulivu huo kwa sehemu kubwa, kwa sababu kizuizi cha betri kinakuwa mahali pale pale kila siku na maelekezo yanaandikwa mara moja. Kosa la kununua leo hii na kesho ile, kwa kufuata punguzo la bei la siku hiyo, ndilo lililomfikisha Mwenye Ghala hapa. Nakubaliana nawe kwamba kwa Apple ni vigumu zaidi kulifanya kosa hilo, kwa kuwa mtengenezaji ni mmoja.

Niongeze tahadhari kwa atakayenunua iPhone zilizokwisha kutumika ili kupunguza gharama: usilipe mpaka muuzaji ameiondoa akaunti yake mbele yako na simu imewashwa hadi kwenye ukurasa wa mwanzo. Ile kufuli niliyoieleza ndiyo inayowakuta wengi.

Mwenye Ghala

Nawashukuru sana. Nimekaa kimya kwa siku kumi na mbili kwa sababu niliamua kufanya majaribio mliyoyataja kabla ya kurudi kuuliza tena, na naona ni haki niwape majibu.

Nilianza na tarehe za masasisho. Simu tano kati ya tisa zimekaa zaidi ya miaka miwili bila sasisho la usalama, na tatu kati ya hizo ni za madereva. Simu nne zilizobaki ziko vizuri, mbili kati yake zikiwa za wauzaji. Peke yangu nisingefikiria kuzipima, na ningezibadilisha zote.

Oda zinazochelewa ziliniacha na aibu kidogo. Tulilegeza kizuizi cha betri katika simu mbili zilizokuwa zikilalamikiwa zaidi. Moja haijachelewa hata mara moja tangu siku hiyo. Nyingine iliendelea kuchelewa mpaka tulipoipata ile orodha ya pili, iliyokuwa imefichwa katika programu ya mtengenezaji ya kusafisha simu, mahali ambapo nisingetazama hata kwa mwezi mzima. Nayo sasa ni nzima. Dereva mwenye simu hiyo alikuwa amekwisha kuandikiwa onyo mara mbili kwa uzembe, na nimemwomba radhi mbele ya wenzake.

Printa ndiyo iliyoamua. Tuliazima iPhone ya ndugu wa mtunza stoo na kuweka programu yetu ya oda. Oda ziliingia, hesabu ya stoo ikaonekana, kila kitu kilikwenda vizuri na kwa kasi, hata nikaanza kuamini kwamba mhasibu alikuwa sahihi. Tulipofika kwenye risiti, printa haikuonekana kabisa. Niliwaandikia watengenezaji wa programu, wakajibu kwamba toleo lao la iPhone huchapa kwa printa za Wi-Fi pekee. Maana yake ni kwamba kuhama kwangu kungedai printa nne mpya juu ya simu, na dereva angelazimika kutembea na mtandao wa Wi-Fi kila aendako.

Mzee Mkongwe, nilijaribu pia kutoa kila kitu kama ulivyoniagiza. Stoo ilitoka kama lahajedwali bila shida, na majina ya wateja vilevile. Katalogi na lebo za WhatsApp Business sikupata njia ya kuvitoa kwa pamoja, kwa hiyo mtunza stoo ameanza kuziandika bidhaa zote kwenye lahajedwali, pamoja na picha zake, na kila mteja na lebo yake. Amefika kwenye bidhaa ya sitini.

Kwa hiyo madereva wanabaki Android. Nitabadilisha simu tano, si tisa, na nne kati ya hizo zitakuwa za toleo moja lililoahidiwa masasisho ya miaka mingi, zikisajiliwa kuwa mali ya biashara kabla hazijamfikia mtumiaji. Wauzaji sitawagusa. Ya tano ni ya mhasibu, ambaye bado anataka iPhone, na kwa kazi yake sijaona kinachomzuia, kwa kuwa hachapi risiti na benki yetu ina programu pande zote mbili. Swali langu la mwisho ni juu ya utaratibu: nianze na simu gani?

Fundi wa Mifumo

Anza na akaunti, kabla hujanunua simu hata moja. Fungua akaunti za biashara, ziwe na barua pepe ya biashara na namba ya simu ya biashara, na nywila zake zijulikane na watu wawili. Kisha nunua simu moja ya dereva, uisajili, umpe dereva mwenye njia fupi zaidi, na aitumie wiki mbili akiwa na ya zamani mfukoni. Zikipita bila tatizo, nunua tatu zilizobaki kwa pamoja.

Simu ya mhasibu iwe ya mwisho kabisa, na usiibadilishe karibu na mwisho wa mwezi.

Dada wa Hesabu

Naunga mkono, na nina ombi moja zaidi kwa mhasibu mwenzangu. Kabla iPhone haijafika, aorodheshe kila akaunti inayomtumia msimbo, na kwa kila moja achapishe misimbo ya akiba kwenye karatasi, iwekwe mahali panapofungwa kwa ufunguo. Pia mtu wa pili, ikiwezekana wewe mwenyewe kaka, awe na uwezo wa kuingia katika zile akaunti zinazohusu pesa na kodi, maana kwa sasa biashara yako nzima inapita katika simu ya mtu mmoja, na hilo lingekuwa hatari hata kama asingehama.

Na akija siku moja kutaka kurudi Android, azime iMessage, huduma ya ujumbe ya Apple, kwanza akiwa bado na iPhone mkononi, la sivyo ujumbe wa watu wenye iPhone unaweza kuendelea kutumwa kwenye simu ambayo hanayo tena.

Mwenye Ghala

Nimemsomea mhasibu majibu yenu yote. Ameanza orodha leo asubuhi, na hadi sasa ana akaunti kumi na saba, mbili kati yake hakuna aliyekumbuka kwamba bado tunazilipia.